Rauta za Video Hubonga Aje? Rada Kamili kwa Msee wa Kamera, Kuanzia Kitale Hadi Bungoma

Rudisha akili nyuma hadi tarehe 1 Juni 2024. Madaraka Dei ilikuwa Bungoma, pale Masinde Muliro Stadium, Kanduyi. Kama ulikuwa ndani, uliona gwaride live na jua likakuchapa. Kama ulikuwa Kitale kwa kibanda ukikula chapo na madondo, uliona kwa TV. Sasa fikiria kazi ya saizi hiyo. Picha ya kamera moja inatakikana sehemu kibao kwa wakati mmoja: kwa skrini kubwa za uwanja, kwa mashine ya kurekodi, kwa kaskrini ka mtangazaji ndio ajue anabonga kuhusu nini, na kwa laini ya kupeleka mawimbi stesheni. Dakika tano baadaye kila mmoja wao anataka picha tofauti.

Nani huambia picha ziende wapi? Kuna mashine inaitwa rauta ya video. Na hiyo mashine haina maoni yake, inangoja kuambiwa. Lugha ya kuiambia ndio inaitwa protokoli, na hiyo ndio story ya leo. Mimi niliijua kwa njia ngumu, kwa mazishi ya watu, na nitakushow venye ilienda.

Kwanza tusichanganye mashine

Nikisema rauta, najua umefikiria kale kasanduku ka Wi-Fi kenye landlord aliweka kwa korido. Si hiyo. Ile ya Wi-Fi inapitisha intaneti. Rauta ya video inapitisha picha, na mara nyingi picha inaingia na waya wa koaksio wenye kichwa cha BNC, kile cha kusukuma na kuzungusha.

Pia si miksa. Wasee wengi huku mtaani wanajua ATEM Mini, juu iko kwa kila harusi siku hizi. ATEM ni miksa: unakata kutoka kamera moja hadi ingine, unachanganya, unaweka maandishi. Rauta haichanganyi kitu. Kazi yake ni kuunganisha tu. Ina tundu za kuingia, crew huziita inputi, na tundu za kutoka, hizo ni autiputi. Inputi moja inaweza kwenda autiputi zote ukitaka. Lakini autiputi moja inabeba inputi moja tu kwa wakati. Ukishika hiyo sheria, umeshika nusu ya somo.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Rauta ya 12 kwa 12 ina makutano 144. Ya 40 kwa 40 ina makutano 1,600. Ya 128 kwa 128, hizo za stesheni kubwa, ni makutano 16,384. Hakuna binadamu anaweza kukaa hapo akichomoa na kuchomeka waya. Ndio maana kuna paneli ya vitufe ama programu kwa lapi, na kati ya hiyo paneli na rauta ndio protokoli inaishi.

Umewahi panda mathree ya Kitale kwenda Webuye? Konda akigonga bodi ya gari mara moja, dere anasimama. Akigonga mara mbili, gari inang'oa. Hawaongei, hawaangaliani, na gari inatembea kutoka Kiminini hadi Kamukuywa bila matata. Hiyo ni protokoli. Shida inakuja siku konda mgeni anagonga mara tatu. Dere hajui kama ni simama, ama kuna karao mbele, ama ni mtoto anacheza huko nyuma.

Karibu kila protokoli ya rauta hubeba vitu vinne: amri yenyewe, namba ya autiputi, namba ya inputi, na leveli. Leveli ni vile rauta kubwa hutenganisha picha na sauti, ndio uweze kubadilisha picha ya kamera na uache sauti ya kwaya mahali iko. Halafu rauta inajibu. Hilo jibu ndio watu wengi hupuuza, na ndio mimi nilipuuza.

Ya kuanzia: Videohub

Kampuni ya Blackmagic Design kutoka Melbourne, Australia, ndio inatengeneza rauta zenye utakutana nazo haraka zaidi ukifanya kazi na crew za hapa kwetu. Zinaitwa Videohub. Ziko za 10, 12, 20 na 40. Uzuri wake ni kwamba protokoli yake ni maandishi ya kawaida kabisa, na kampuni imeichapisha bure. Unaunganisha lapi kwa rauta na waya wa netwaki, unafungua mawasiliano ya TCP kwa anwani ya IP ya rauta, poti 9990, na rauta inaanza kubonga yenyewe kabla hata hujaiambia kitu.

Mstari wa kwanza inakwambia toleo la protokoli. Halafu inakutajia jina la modeli, iko na inputi ngapi na autiputi ngapi. Halafu majina yote ya inputi, majina ya autiputi, zenye zimefungwa na zenye ziko wazi, na mwisho ramani nzima: autiputi gani inabeba inputi gani. Ni kama mgeni ameingia kwa nyumba na mathe anamwelezea kila mtu amelala wapi.

Ukitaka kubadilisha, unaandika hivi:

VIDEO OUTPUT ROUTING:
7 3

Halafu unaacha mstari mtupu. Huo mstari mtupu ndio unaambia rauta umemaliza kuongea. Namba ya kwanza ni autiputi, ya pili ni inputi. Rauta ikielewa inajibu ACK. Isipoelewa inajibu NAK. Baada ya ACK inatuma mabadiliko yenyewe, na haitumi kwako pekee. Inatumia kila programu na kila paneli imeunganishwa. Kwa hivyo kama Brayo yuko kule mbele ya rauta anafinya vitufe na vidole, lapi yako itaambiwa. Swali ni kama programu yako inasikiza.

Sasa, mtego. Hapo juu nimeandika 7 3. Umefikiria ni autiputi ya saba na inputi ya tatu, si ndio? Zii. Videohub inahesabu kuanzia sifuri. Hiyo ni autiputi ya nane na inputi ya nne. Nyuma ya mashine, tundu zimeandikwa kuanzia 1. Kwa waya, zinaanza 0.

Vile nilichoma

Niliacha chuo mwaka wa pili, stori ya fees, tusiingie huko. Nikaanza kubebea mbogi moja ya Kitale waya. Siku moja tukapata kazi ya mazishi upande wa Chwele, mzee mwenye heshima zake, watu wengi, skrini mbili kubwa za LED kando ya hema. Bosi alikuwa amekodi Videohub ya 12 kwa 12, na mimi nikajifanya najua. Usiku uliopita nilikuwa nimesoma hiyo protokoli kwa simu, nikaandika kaprogramu kadogo kwa lapi ka kutuma amri. Nilikuwa najiskia kama nimeomoka.

Kamera nne zilikuwa kwa inputi 1 hadi 4. Inputi 5 ilikuwa kamera imewekwa kwa hema ya wapishi, juu familia ilitaka kumbukumbu ya kila kitu. Skrini zilikuwa kwa autiputi 2. Mjane akasimama kuongea, bosi akaniambia kwa redio nipeleke kamera ya 4 kwa skrini. Nikaandika 1 4. Autiputi nilikumbuka kutoa moja. Inputi nikasahau.

Rauta ikajibu ACK. Mimi nikaona ACK nikatulia, nikachukua soda. Mama anaongea kuhusu miaka yenye ameishi na mzee, na kwa skrini mbili, kubwa kuliko lori, kuna jamaa ameshika kisu anagawa nyama, amejilamba kidole. Watu wakaanza kucheka. Mama akadhani wanamcheka. Aligeuka nyuma akaona, akanyamaza, akakaa chini. Hakumaliza.

Ilikaa hivyo sekunde labda ishirini kabla niirudishe. Pesa yangu ya siku hiyo ilikatwa yote na sikubisha. Kaka ya huyo mama alikuja kwa gari letu jioni, hakunichapa, aliniuliza tu, "Kijana, kwani wewe ulikuwa unaangalia nini?"

Nilikuwa naangalia ACK. Na ACK haisemi "umefanya poa". Inasema "nimekuskia". Rauta ilifanya kitu nilisema, kwa usahihi wote. Ramani yenye ilinitumia baada ya ACK ilisema 1 4, na kwa orodha ya majina yenye ilinitumia tukiunganisha, namba 4 ilikuwa imeandikwa "Jikoni". Mimi mwenyewe ndio niliandika hilo jina asubuhi. Programu yangu ilikuwa inatupa hizo habari zote kwa takataka, inangoja herufi tatu tu.

Siku hizi siandiki namba popote. Programu inasoma majina kutoka kwa rauta, mimi nafinya jina, yenyewe inatafuta namba. Na kitufe hakiwaki kijani nikikifinya. Kinawaka ramani ikirudi imebadilika. Ukiona mtu anatengeneza paneli yenye taa inawaka mara tu unapofinya, huyo bado hajachoma. Atachoma.

Ya wazee: SW-P-08

Ukienda stesheni yenye mitambo ya kitambo, ama gari la OB, utapata watu wanataja SW-P-08, wengine wanaita tu "Pro-Bel". Pro-Bel ilikuwa kampuni ya Uingereza. Mwaka 2009 iliungana na Snell & Wilcox ikawa Snell, na baada ya kuuzwa na kuuzwa tena, mwaka 2018 ukoo huo uliishia ndani ya Grass Valley. Kampuni imebadilisha jina mara ngapi, protokoli imebaki. Hata watengenezaji wengine huweka SW-P-08 kwa mashine zao ndio ziweze kuongea na paneli za watu wengine. Ni kama Kiswahili ya rauta: si kila mtu alizaliwa nayo, lakini sokoni mtaelewana.

Hii haitumii maneno. Inatuma baiti. Nikitaka ile ile autiputi ya nane na inputi ya nne, ujumbe ni huu, kwa namba za heksa:

10 02 02 00 00 07 03 05 EF 10 03

Usihepe, ni rahisi. 10 02 ni hodi, ujumbe unaanza. 10 03 ya mwisho ni kwaheri. Baada ya hodi, 02 ni amri ya kuunganisha. 00 inayofuata ni matriksi na leveli. 00 ya pili ni ya kusaidia namba zikiwa kubwa: baiti za autiputi na inputi huhesabu hadi 127 tu, kwa hivyo hapa unasema ni mara ngapi umepita 128. Hivyo unaweza kufika autiputi 1,024 kabla uhitaji amri ndefu zaidi. 07 ni autiputi, 03 ni inputi, tena kuanzia sifuri. 05 inasema nimekutumia baiti tano za habari.

EF ndio tamu. Jumlisha 02, 00, 00, 07, 03 na 05. Unapata 17. Toa kwa 256, unapata 239, yaani EF. Rauta ikipokea inafanya hesabu hiyo hiyo. Kama imepata jibu tofauti, inajua waya umekula baiti moja njiani, inakutumia 10 15, maana yake rudia. Kama iko sawa inakutumia 10 06, halafu inatuma ujumbe namba 04 kusema imeunganisha. Ukitaka kuuliza tu bila kubadilisha kitu, unatuma amri 01, unajibiwa na 03.

Na kuna mdudu hapa amekula usingizi wa wasee wengi. Umeona 10 ndio inaanza hodi na kwaheri. 10 ya heksa ni 16 ya kawaida. Sasa ukitaka autiputi namba 16, ambayo kwa tundu imeandikwa 17, katikati ya ujumbe wako kuna 10 imesimama, na rauta inadhani ni mwanzo wa kitu kingine. Dawa ni kuituma mara mbili, 10 10, na rauta inajua ni namba tu. Programu ya msee asiyejua hii itafanya kazi fiti kwa autiputi 1 hadi 16, siku ya kwanza ukigusa 17 inadedi. Kwa kazi ya 12 kwa 12 hautawahi kuona hiyo shida. Utaiona siku umepelekwa kwa mashine kubwa, mbele ya watu wakubwa.

Kitambo SW-P-08 ilipita kwa waya wa RS-422, kasi ya kawaida biti 38,400 kwa sekunde. RS-422 inatumia waya mbili zinazosema kinyume, moja ikipanda ingine inashuka, kwa hivyo kelele ya jenereta ikiingia inaingia zote sawa na inafutwa. Ndio maana inaweza kwenda hadi kama mita 1,200, na RS-232 ya kompyuta za zamani inachoka kama mita 15. Siku hizi ujumbe ule ule unabebwa kwa netwaki, lakini baiti hazijabadilika.

Zingine kwa haraka

Quartz, ambayo sasa ni ya Evertz ya Canada, inatumia maandishi mafupi: nukta, herufi S, herufi ya leveli, autiputi, koma, inputi, na kitufe cha kurudi mwanzo. Yaani .SV8,4 halafu rauta inajibu .UV8,4. Ni safi, na unaweza kuisoma ukiwa na usingizi.

Kwa kumbi za mikutano, hoteli na makanisa yenye doo, utapata swichi za Extron za Marekani. Hizo amri zake ni 4*8! na jibu ni Out8 In4 All. Umecheki? Hapa inputi ndio inatangulia. Videohub autiputi kwanza, Quartz autiputi kwanza, Extron inputi kwanza, na inahesabu kuanzia moja. Ukihama kutoka moja hadi ingine bila kusoma karatasi, utapeleka kamera ya nane kwa skrini ya nne na utalaumu waya. Karatasi zenyewe ziko bure, sioni sababu ya kubahatisha.

ATEM yenyewe, juu najua utauliza, huongea kwa UDP poti 9910 kwa baiti zake za siri. Kampuni inatoa vifaa vya kutengeneza programu lakini haijachapisha lugha yenyewe kama ilivyofanya kwa Videohub. Wasee wa mtandaoni waliichambua wakaandika.

Mbona picha hairuki

Kitu moja ndogo lakini inaonyesha nani anajua. Amri yako ikifika rauta, mashine nzuri haibadilishi papo hapo. Picha ya TV inatumwa mstari kwa mstari, na hapa Kenya tuko na fremu 25 kwa sekunde, yaani fremu moja ni milisekunde 40. Ukikata katikati ya fremu, skrini inapasuka, inaruka. Kwa hivyo rauta inangoja mahali pa kupumua kati ya picha mbili, mahali hakuna kitu mtazamaji anaona. Kuna mwongozo wa SMPTE, RP 168, unasema mstari gani: kwa picha za 1080 ni mstari wa 7. Hii inafanya kazi tu kama kamera zote zinapiga hatua pamoja, zikifuata mawimbi moja ya kuzipanga. Kamera za mkono zenye kila moja inaenda na saa yake zinaweza kuruka. Si makosa ya protokoli yako, tulia.

Hakuna password

Hapa ndio noma iko. Poti 9990 ya Videohub haiulizi wewe ni nani. SW-P-08 pia haiulizi. Hizi lugha zilizaliwa kwa vyumba vyenye mlango umefungwa, ambapo mtu pekee mwenye waya alikuwa fundi. Sasa tumezitoa huko tukazileta kwa hema, na mtu ameunganisha rauta kwa Wi-Fi moja na wageni ndio atumie simu kama rimoti. Mtu yeyote kwa hiyo Wi-Fi mwenye amesoma makala kama hii anaweza kupeleka kamera ya jikoni kwa skrini. Na safari hii si bahati mbaya.

Kuna kitu inaitwa kufunga autiputi. Unatuma VIDEO OUTPUT LOCKS na namba yake na herufi O, na wengine wanaona L, maana yake imefungwa na mtu mwingine. Lakini protokoli hiyo hiyo ina herufi F, ya kufungua kwa nguvu. Kwa hivyo hiyo kufuli ni ya kuzuia rafiki yako asiguse kwa makosa. Si ya kuzuia mwizi. Dawa ni ya kizamani: nunua kaswichi kadogo ka netwaki, weka rauta na lapi yako hapo peke yao, anwani za IP umeziandika kwa mkono, na hako kaswichi kasiguse intaneti wala Wi-Fi ya wageni.

Na wewe mwenye umeskia hivi ukaanza kutabasamu: sheria ya Kenya ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao, ya 2018, inasema kuingia kwa mfumo wa mtu bila ruhusa ni faini hadi shilingi milioni 5, ama jela hadi miaka 3, ama vyote viwili. Prank ya skrini haina thamani hiyo.

Pia stima. Unajua venye huku hupotea mvua ikianza tu kunusa. Rauta ikizima na kuwaka, mawasiliano ya TCP yamekatika, na programu mbaya itaendelea kukuonyesha ramani ya zamani kama vile hakuna kitu kimetendeka. Programu nzuri inagundua, inaunganisha tena, na kwa sababu Videohub hutoa habari zake zote kila ukiunganisha, unapata ukweli upya. Kwa poti hiyo hiyo unaweza pia kutuma neno PING kila sekunde chache, na rauta ikikosa kujibu ujue mapema. Weka rauta kwa UPS hata kama kamera hazina.

Kule mbele

Studio mpya kubwa duniani zinaacha tundu za BNC. Kiwango cha SMPTE ST 2110, kilichotoka 2017, kinapeleka picha kwa netwaki ya IP, na makutano yale ya rauta hayako tena. Kila mpokeaji anaambiwa aende akachukue mkondo gani. Lugha ya kumwambia ni NMOS IS-05 ya shirika la AMWA, na ni HTTP na JSON tu, vitu vyenye msee yeyote wa kutengeneza wavuti pale Kibabii ama Kitale Poly anajua tayari. Lakini bado unasema kile kile: wewe pokea, yule atume, niambie ukimaliza.

Kujaribu bila rauta

Rauta ni ghali, najua. Lakini protokoli ni maneno, na maneno hayahitaji chuma. Kuna programu ya bure inaitwa Companion, ya Bitfocus, inajua Videohub, SW-P-08, Extron na zingine kibao, na inageuza simu yako ama lapi kuwa paneli ya vitufe. Hiyo ni ya kazi. Ya kujifunza, mimi napenda njia ya kishamba.

Tafuta beshte mmoja na simu mbili za Android. Wekeni Termux na netcat zote mbili, muunganishwe kwa hotspot moja. Mmoja awe rauta: simu yake isikilize poti 9990, na achukue karatasi achore ramani ya 12 kwa 12, kila autiputi na inputi yake, kuanzia sifuri, na majina. Mwingine awe fundi, aunganishe, atume amri. Anayejifanya rauta asome, abadilishe karatasi, aandike ACK, halafu aandike ramani mpya. Amri ikiwa mbovu, aandike NAK na asielezee kwa nini, juu hata mashine haielezei.

Fanyeni hivyo nusu saa, mbadilishane. Halafu mwambie fundi atume VIDEO OUTPUT ROUTING na namba zake vizuri kabisa, lakini asahau ule mstari mtupu wa mwisho. Wewe rauta usifanye kitu. Kaa tu. Uone atangoja dakika ngapi kabla aanze kulaumu hotspot.